Usimamizi wa Bunge juu ya Gharama za Kijeshi za Kuondolea Nyaraka Usiri: Mfano wa Marekani

Utangulizi

Kupiga waraka wa serikali muhuri wa siri ni kazi ya dakika moja. Kuuondolea usiri huo baadaye ni kazi ya kulipiwa, kwani sharti mkaguzi mwenye idhini ausome na kuupima. Kwa hiyo anayeshika mfuko wa fedha huwa na kauli kuhusu historia ambayo raia watasoma. Makala haya yanachunguza jinsi Bunge la Marekani (Kongresi) lilivyoutumia mfuko huo kuisimamia Wizara ya Ulinzi. Hoja ya msingi ni kwamba kuweka matumizi wazi na kuyabana ni mambo mawili tofauti, ingawa huweza kuandikwa katika kifungu kimoja cha sheria.

Amri ya 1995

Tarehe 17 Aprili 1995, Rais Bill Clinton alitia saini Amri ya Rais nambari 12958. Chini ya amri ya 1982 iliyotangulia, waraka ungeweza kubaki siri bila kikomo cha muda. Amri mpya iliugeuza mzigo huo. Nyaraka zenye thamani ya kudumu ya kihistoria zilizotimiza miaka 25 zingekoma zenyewe kuwa siri ifikapo Aprili 2000, isipokuwa idara husika ioneshe sababu mahususi ya kuzificha. Idara iliyotaka kuulinda waraka ililazimika kuusoma kwanza. Kwa Wizara ya Ulinzi, yenye shehena za nyaraka za Vita Vikuu vya Pili, Korea na Vietnam, kazi hiyo ilikuwa kubwa mno. Aidha, waraka mmoja huweza kugusa siri za idara nyingine, nao hulazimika kupelekwa huko ukaguliwe upya.

Sheria Mbili

Oktoba 1998, Bunge lilihofia kwamba siri za silaha za nyuklia zingeponyoka katikati ya kurasa nyingi zilizokuwa zikiachiliwa. Kupitia sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1999, lilidai ukaguzi wa ukurasa kwa ukurasa, ila kwa nyaraka zilizothibitishwa kuwa na uwezekano mdogo sana wa kubeba siri hizo. Kipengele hicho hujulikana kwa majina ya maseneta Jon Kyl na Trent Lott.

Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2000 ilitiwa saini tarehe 5 Oktoba 1999. Kifungu chake cha 1041 kilikuwa na maagizo mawili. Kwanza, Waziri wa Ulinzi alitakiwa kuonesha katika makadirio ya bajeti kasma mahususi ya kuondolea nyaraka usiri. Pili, matumizi ya wizara kwa kazi hiyo katika mwaka huo wa fedha hayakuruhusiwa kuzidi dola milioni 51.

Tathmini

Agizo la kwanza ni usimamizi kwa maana yake halisi. Gharama isiyo na kasma yake humezwa na matumizi ya kawaida. Mbunge hawezi kuihoji wala kuitetea. Agizo la pili lina sura nyingine. Bunge lililoongeza kazi ya ukaguzi mwaka 1998 ndilo lililoweka kikomo cha fedha za kazi hiyo mwaka 1999. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Tarehe 19 Novemba 1999, Rais aliahirisha muda wa mwisho kwa Amri nambari 13142, na mwaka 2003 Rais George W. Bush akausogeza hadi 31 Desemba 2006. Kuahirisha huko kulikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini raia aliyeisubiri Aprili 2000 alizidi kusubiri.

Haki inadai pia kukiri kwamba hofu ya Bunge haikuwa hewa tupu. Ukaguzi uliofanywa baadaye na Wizara ya Nishati uliripoti taarifa za nyuklia katika kurasa zilizokwisha kuachiliwa.

Hitimisho

Inabainika kwamba mamlaka ya bunge juu ya fedha ni kisu cha makali kuwili. Kasma humwezesha raia kujua ufichuzi unagharimu kiasi gani. Kikomo huamua atafichuliwa kiasi gani. Mchunguzi wa sheria za aina hii hana budi kuuliza maswali yote mawili, kwani waraka usiokaguliwa kwa kukosa fedha hubaki siri sawa na ule uliofichwa kwa makusudi.