Kitabu juu ya waandishi wa habari: nianzie Kabongo au Kinshasa?

Swali: Natangaza kwenye redio ya jamii hapa Kabongo. Nataka kuandika kitabu cha kitaaluma juu ya jinsi kazi yetu inavyobadilika. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia hapo ulipo, ndugu. Vitabu juu ya vyombo vya habari vya Kinshasa vipo. Mtafiti marehemu Marie-Soleil Frère aliandika mengi kuhusu vyombo vya habari vya Afrika ya Kati, msome kwanza. Maeneo kama Kabongo ndiyo hayajaandikwa vya kutosha.

Jiulize swali moja gumu: nani anahesabiwa mwandishi wa habari leo, ikiwa habari ya Kamina, mji mkuu wa mkoa wenu, inafika kwa WhatsApp kabla ya taarifa yako ya jioni? Kisha weka mipaka ya miaka. Sheria ya vyombo vya habari ya Kongo (DRC) ya Juni 1996 ni mwanzo mzuri. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, ilizaliwa Februari 2002, Haut-Lomami yenu ikawa mkoa 2015, na tarehe 13 Machi 2023 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya 1996.

Watangazaji wazee wahoji sasa, kwa Kiluba au Kiswahili, na uhifadhi sauti. Omba pia madaftari ya matangazo ya kulipia: hayo yanaonyesha redio inaishi kwa pesa ya nani. Kuhusu coupage, yaani pesa ambazo waandishi hupewa na wale wanaowaripoti, ficha majina. Mtu asipoteze kazi kwa ajili ya kitabu chako.

Nadharia itakuja baadaye. Wiki hii tafuta kinasa sauti.