SOMO LA TAWI: JE, DAWA ZA UKIMWI NI GHALI?



Mwaka 2025 Marekani ilipunguza misaada yake ya nje, pamoja na ya UKIMWI. Kwa hiyo katika mikutano na waajiri tutasikia tena maneno haya: "Matibabu ni ghali." Kiongozi wa tawi asijibu kwa hasira. Achukue karatasi na kalamu.

Kwanza, bei ya dawa. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja zilifika kama dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilikubali kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulizipata kwa chini ya dola 45. Gawanya kwa siku 365: haifiki senti 13 za dola kwa siku. Ongeza vipimo, muuguzi na nauli.

Pili, gharama ya kutotibu. Andika siku za ugonjwa, kitanda cha hospitali, kumfundisha mtu mpya, jeneza, mafao ya mjane na yatima. Huko Afrika Kusini, mwaka 2002, kampuni ya migodi ya Anglo American iliamua kuwapa wafanyakazi wake dawa bure. Kampuni kama ile inajua kupiga hesabu.

Tatu, anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ukimtibu mmoja umewakinga wengine.

Lakini dawa ya bure peke yake haitoshi. Mwenzetu mmoja kiwandani alikatwa mshahara kila siku aliyokwenda kliniki. Alikuwa na watoto wanne, akaanza kuruka miezi. Tulimzika. Mwajiri aliokoa mshahara wa siku chache, akapoteza fundi wa miaka mingi.

Kwa hiyo tudai siku ya kliniki yenye malipo, iandikwe katika mkataba. Pendekezo Na. 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa, asifukuzwe kwa sababu ya virusi, na siri yake itunzwe.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kwetu, kumfundisha fundi mpya huchukua miezi mingapi?
2. Siku ya kliniki inalipwa au inakatwa?
3. Nani atapeleka hesabu hii kwa mwajiri, na lini?