Somo la 9: Kuongeza Chumba na Kupatana na Fundi

SOMA HABARI HII

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga, walikaa bwana mmoja na mkewe. Walikuwa na watoto wanne. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu.

Mama mzazi wa yule bwana alikuwa mjane. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, naye hakuweza tena kukaa peke yake. Ikakubaliwa aje kwa mwanawe. Lakini atalala wapi?

Walipouza machungwa yao walipata fedha. Wakaamua kuongeza chumba kimoja. Ilikuwa mwezi wa Januari. Masika huanza mwezi wa Machi. Walikuwa na miezi miwili.

Bwana alikwenda kwa fundi. Walizungumza wamesimama njiani. Fundi akasema, "Mzee, kazi hiyo ni ndogo. Nipe nusu ya fedha nianze kesho." Bwana akampa. Hawakuandika kitu. Hapakuwa na shahidi.

Fundi alianza vizuri. Alichimba msingi, akajenga kuta. Siku moja mke wa yule bwana akasema, "Fundi, dirisha hili dogo. Liongeze." Fundi akabomoa, akalijenga upya. Siku nyingine bwana akasema, "Utujengee na kibaraza hapa mbele." Fundi akajenga.

Kuta zilipofika juu, fundi aliomba fedha zaidi. Bwana alikasirika.

"Fedha gani tena? Nimekwisha kukulipa nusu, na paa bado!"

"Mzee, dirisha nimejenga mara mbili. Kibaraza hakikuwemo katika maneno yetu."

"Kilikuwemo!"

"Hakikuwemo!"

Fundi akachukua mwiko wake na timazi yake, akaenda kufanya kazi kijiji cha pili.

Masika yakaja. Kuta hazikuwa na paa. Mvua ilijaa ndani ya chumba kipya kama ndani ya ndoo. Maji yakalowesha ukuta wa nyumba ya zamani, na udongo ukaanza kubanduka. Bibi alikuwa amekwisha kuja. Alitandikiwa jikoni, karibu na mafiga. Hakulalamika. Kila usiku alikohoa kwa sababu ya moshi.

Mke wa yule bwana alikuwa akisoma darasa la watu wazima. Usiku mmoja alimwambia mumewe, "Baba Watoto, sisi tunasema hivi na fundi anasema vile. Nani atajua kweli? Tumwite, tukae, tuandike."

Walimwita fundi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kila mtu alieleza yake. Mwenyekiti akauliza, "Kibaraza nani aliagiza?" Bwana akainamisha kichwa. "Ni mimi." Kisha akamwuliza fundi, "Na wewe, kwa nini uliacha kuta wazi bila kutoa habari?" Fundi naye akakubali kosa.

Mke wa yule bwana alichukua daftari lake la darasani. Aliandika kazi iliyobaki, malipo yake, na siku ya kumaliza. Wote wakatia sahihi. Paa likaezekwa. Bibi akahama jikoni.

TUJIFUNZE

Ndugu msomaji, katika habari hii hapakuwa na mwizi. Fundi alifanya kazi, na mwenye nyumba alilipa. Ugomvi ulitoka wapi? Ulitoka katika maneno ambayo hayakuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujenzi ni hivyo hivyo.

1. Chagua mahali.
Kabla ya kuchimba, angalia mpaka wako na wa jirani. Mwite jirani aone. Kama unakaa mjini, uliza kwanza halmashauri juu ya kibali cha kujenga.

Kisha tazama paa la nyumba ya zamani. Maji ya mvua humwagika upande gani? Ukiongeza chumba upande huo, paa jipya litaanza chini ya lile la zamani na kuzidi kushuka. Ukuta wa nje utakuwa mfupi, na mtu mrefu atagonga kichwa. Mara nyingi ni afadhali kuongeza upande ambao bati halimwagi maji. Hapo mgongo wa paa unaendelezwa moja kwa moja.

2. Angalia msingi.
Nyumba ya zamani imekwisha kukaa juu ya ardhi yake. Chumba kipya bado kitadidimia kidogo. Ndiyo maana ufa hutokea pale kuta mbili zinapokutana. Ili kupunguza ufa huo, chimba mpaka ardhi ngumu. Lakini karibu na ukuta wa zamani usichimbe chini kupita msingi wake. Ukifanya hivyo, ardhi inayoubeba itabomoka, na ukuta unaweza kuanguka.

Ufa mwembamba kama uzi si ajabu. Ufa unaozidi kupanuka kila mwezi ni hatari. Mwite fundi upesi.

Usikubali mlango utobolewe katika ukuta wa zamani bila kwanza kutegemeza sehemu ya juu na kuweka lenta.

3. Mwagilia maji.
Zege na matofali ya saruji hupata nguvu polepole, na huhitaji maji. Yamwagilie kila siku, asubuhi na jioni, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Yafunike yasipigwe na jua. Kazi hii hata watoto wanaweza kusaidia.

4. Jua hesabu ya vifaa.
Mwenye nyumba asiyejua hesabu hununua vingi mno au vichache mno. Nunua vifaa mwenyewe, au mfuatane na fundi dukani. Dai risiti na uitunze. Saruji iwekwe juu ya mbao, mahali pakavu. Ikipata unyevu hugeuka jiwe ndani ya mfuko.

5. Lipa kwa hatua.
Usilipe fedha zote kabla ya kazi. Wala usimfanyishe fundi kazi bila malipo, kwani naye ana watoto. Gawanya malipo. Hatua moja ikiisha, ikague, kisha lipa. Bakiza sehemu ndogo mpaka uhakikishe kwamba paa halivuji.

6. Ukibadili kazi, andika.
Dirisha likiongezwa, andika. Kibaraza kikiongezwa, andika. Andika bei yake siku ile ile, kabla fundi hajaanza kazi hiyo.

MFANO WA MAPATANO

Mimi ........................ (mwenye nyumba) na mimi ........................ (fundi) tumepatana leo tarehe ................ kama hivi:

Kazi: Kujenga chumba kimoja, urefu mita 4, upana mita 3, kuta mita 2 na nusu kwenda juu. Mlango 1 na dirisha 1.

Vifaa: Vitanunuliwa na mwenye nyumba.

Malipo ya ufundi: Shilingi 600,000, yaani:
Msingi ukiisha: 120,000
Kuta zikiisha: 180,000
Paa likiisha: 150,000
Sakafu, plasta na mlango vikiisha: 90,000
Baada ya siku 30, kama hakuna kasoro: 60,000

Kazi itaanza tarehe ................ na kuisha tarehe ................

Kazi yoyote itakayoongezwa itaandikwa hapa chini pamoja na bei yake.

Sahihi ya mwenye nyumba ................
Sahihi ya fundi ................
Shahidi wa kwanza ................
Shahidi wa pili ................

Andikeni nakala mbili. Kila mmoja akae na yake. Bei zilizotajwa hapa ni za mfano tu. Tumieni bei za mahali penu.

TUFANYE HESABU

Chumba kipya kinaegemea ukuta wa zamani wenye mita 4. Kwa hiyo tunajenga kuta tatu tu.

Urefu wa kuta: 3 + 4 + 3 = mita 10.
Kimo cha kuta ni mita 2 na nusu. Eneo: 10 × 2.5 = mita za mraba 25.
Mlango na dirisha huchukua kama mita za mraba 3. Zinabaki 22.
Matofali ya saruji ya urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huingia kama 10 katika kila mita ya mraba.
22 × 10 = matofali 220.

Ongeza 10 kwa yatakayovunjika. Jumla ni 230. Matofali ya msingi, na yale ya sehemu ya juu chini ya mgongo wa paa, yahesabiwe mbali.

MANENO MAPYA

kasoro: upungufu, kosa katika kazi
lenta: zege lenye nondo linalowekwa juu ya mlango au dirisha ili kubeba ukuta
mapatano: maneno ambayo watu wawili wamekubaliana
nakala: maandishi yaliyo sawasawa na mengine
timazi: uzi wenye kitu kizito, wa kupimia kama ukuta umesimama wima

MASWALI

1. Kwa nini bwana na mkewe waliamua kuongeza chumba?
2. Fundi alikosa nini? Mwenye nyumba alikosa nini?
3. Bibi alipata taabu gani kwa sababu ya ugomvi ule?
4. Kwa nini si vizuri kuchimba chini kupita msingi wa zamani?
5. Katika mfano wa mapatano, kuta zikiisha fundi atakuwa amelipwa shilingi ngapi kwa jumla? Zitabaki ngapi?

MJADALA

Watu wengine husema, "Kuandikiana ni kutoaminiana." Je, ni kweli? Ikiwa fundi ni ndugu yako, mtaandikiana? Zungumzeni darasani. Mkaribisheni fundi mmoja wa kijiji naye atoe maoni yake.

KAZI YA NYUMBANI

Pima chumba kimoja cha nyumba yako kwa futi ya fundi au kwa kamba. Andika urefu, upana na kimo chake. Kisha andika mapatano ya kazi moja ndogo, kama kutengeneza mlango au kuziba paa. Yalete darasani, mwenzako ayasome. Asipoelewa neno lolote, liandike upya, kwa maana siku ya ugomvi ni karatasi hiyo itakayosema.