ELIMU YA MAZINGIRA: MRADI WA HIFADHI HUANZA KWA SWALI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maliasili ni mali na tena ni amana, lakini miradi mingi ya kuihifadhi huanza kwa kuhesabu miche na fedha kabla ya kuandikwa bayana ni kitu gani kinachohifadhiwa na ni jambo gani linalokiangamiza. Somo hili linaeleza zana za kupangia miradi ya namna hiyo. Mfano wake umechukuliwa Bara, katika wilaya za Kibondo na Kasulu, Mkoa wa Kigoma, kwa kuwa matatizo ya huko ya kuni na ardhi hayako mbali na yale ya Visiwani.

Hali ya mahali

Wilaya hizo ziko katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Misitu yake ya miombo huwapa wananchi kuni, mbao, dawa na asali. Maji ya sehemu hizo hulisha ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye eneo la kilomita za mraba 32,500, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Humo huishi nzohe na ndege adimu aitwaye korongo nyangumi.

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, maelfu ya wakimbizi waliingia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena kuwapokea Warundi. Misitu iliyokuwa ikitegemewa na wenyeji ikalazimika kubeba pia mahitaji ya wageni.

Zana ya kwanza: ramani

Mpangaji hana budi kujua msitu uko wapi, ni wa nani na umebadilika vipi. Picha za setilaiti za miaka tofauti huonesha mabadiliko hayo. Hata hivyo, picha haitaji jina la chemchemi wala haioneshi mpaka wa ukoo. Hayo hujulikana na wazee, wanawake wanaokwenda kuni, wafugaji na warina asali. Kwa hivyo ramani huchorwa pamoja nao.

Zana ya pili: mchoro wa sababu

Hapa ndipo miradi mingi inapokosea. Tuchukue mfano wa kuni. Msitu ulio karibu na kambi unapungua. Kwa nini? Miti inakatwa. Kwa nini inakatwa? Unga na maharage ya mgao hayaliki bila ya moto. Kwa nini moto ni wa kuni tu? Kwa sababu familia haina nishati nyengine wala fedha ya kuinunua. Mwanamke hulazimika kwenda mbali zaidi kila msitu unaporudi nyuma, na njiani huweza kushambuliwa, au kugombana na mwanakijiji ambaye naye anautegemea msitu huo huo.

Mchoro huo ukishaandikwa, huonekana wazi kuwa kuongeza walinzi peke yake hakutoshi, na kupanda miti peke yake hakutaivisha chakula cha leo. Majiko yanayotumia kuni chache, nishati mbadala, mashamba ya miti ya kuni na makubaliano baina ya kambi na vijiji yapasa kwenda pamoja.

Fundisho kama hilo lilipatikana katika mkoa huo huo. Taasisi ya Jane Goodall ilipoanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 katika vijiji vya karibu na Hifadhi ya Gombe, wanavijiji walitanguliza mahitaji ya afya na skuli. Mradi ukayaingiza mahitaji hayo katika kazi zake, na hifadhi ikapata wenyewe.

Zana ya tatu: mpango wa matumizi ya ardhi

Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 hukiwezesha kijiji kutenga maeneo ya kilimo, malisho, makaazi na hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hukiruhusu kuwa na msitu wake wenyewe. Kwa Zanzibar, Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 imeweka njia ya jamii kukubaliana na Serikali juu ya usimamizi wa misitu.

Zana ya nne: vipimo na daftari

Jumuiya za uhifadhi za kimataifa zilitoa mwaka 2004 viwango vya pamoja vyenye hatua tano: kutathmini, kupanga, kutekeleza, kuchambua na kurekebisha, na kushirikiana mafunzo. Programu ya kompyuta iliyotungwa kufuatana na viwango hivyo imepewa jina la Kiswahili, Miradi. Asiye na kompyuta asivunjike moyo. Kazi hiyo hiyo hufanyika kwa karatasi kubwa ukutani na daftari la kamati.

La muhimu ni kuchagua kipimo sahihi. Idadi ya miche iliyogaiwa ni kipimo cha kazi. Idadi ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, na saa anazotumia mwanamke kutafuta kuni, ni vipimo vya matokeo.

Hitimisho

Kabla ya kutia saini andiko la mradi, ofisa na kamati ya shehia wajiulize: Tunahifadhi nini? Nini kinakiharibu, na nini kiko nyuma ya uharibifu huo? Nani atakosa riziki tukifaulu, na tumempangia nini? Tutajuaje kama tumekosea? Andiko lisilojibu maswali haya lirejeshwe kwa wananchi kabla ya kupelekwa kwa wafadhili.