Kufundisha Mpangilio wa Maagizo: Mfano wa Modemu

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyotii maagizo ya maandishi. Kompyuta ilituma ATZ, ikangoja jibu OK. Ndipo ikatuma ATDT pamoja na namba ya simu, ikangoja CONNECT. Maagizo hayo yalipoandikwa mapema kwa utaratibu, kompyuta ilipiga simu yenyewe.

Mwalimu, wagawe wanafunzi wawili wawili: mmoja awe kompyuta, mwenziwe modemu. Wa kwanza asome kadi moja, angoje jibu lililoandikwa, kisha asome ya pili. Halafu modemu ajibu NO CARRIER, yaani mawasiliano hayakupatikana. Mwenziwe atangoja bure. Hapo uliza: ni agizo gani limesahauliwa? Swali hilo ndilo kiini cha somo, kwa kuwa mashine haikisii nia ya mwandishi.