Kona ya Mwisho
Wenzangu hosteli hunicheka: kila Februari nakesha na bando langu kuangalia Daytona 500, mbio za magari za NASCAR kule Florida. "Si yanazunguka tu!" wanasema. Sawa, yanazunguka, lakini yamenifundisha kitu.

Dale Earnhardt, dereva wa gari namba 3, alikuwa bingwa mara 7. Februari 18, 2001, mzunguko wa mwisho, gari lake liligonga ukuta. Gari lilipunguza mwendo ghafla, mikanda ikazuia mwili, kichwa kikaendelea kwenda mbele. Akafariki. Kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kilikuwepo tayari, ila kukivaa ilikuwa hiari, naye hakukivaa. Oktoba mwaka huohuo kuvaa kifaa cha aina hiyo kukawa lazima. Tangu hapo hakuna dereva aliyefia mbioni katika daraja lile la juu.

Jamani, mimi shabiki kindakindaki nilikuwa napanda bodaboda kwenda chuo bila helmeti, eti ni karibu. Earnhardt naye alikuwa karibu: kona ya mwisho kabisa. Siku hizi bodaboda asiye na helmeti ya abiria namwacha aende, hata nikiwa nimechelewa mtihani.