Alama, Wastani na Matarajio: Msamiati wa Matokeo ya Mtihani kwa Mzazi wa Hagadera

Hagadera, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa, ilianzishwa mwaka 1992. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, ilhali lugha ya nyumbani kwa wanafunzi wengi ni Kisomali. Mzazi asiyesoma lugha za shule humtegemea mtoto amfasirie karatasi ya matokeo. Mtoto akawa mkalimani wa hukumu inayomhusu yeye mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba kinachompotosha mzazi si ugeni wa maneno, bali maneno anayodhani anayafahamu.

Maneno ya msingi hayamsumbui. Kiswahili kina mtihani na natija. Kisomali kina imtixaan na natiijo. Lugha zote mbili zilikopa kutoka Kiarabu. Utata huanzia kwenye alama.

Tuchukue mfano wa mtahiniwa aliyepata 52 katika somo la Kiswahili kwenye KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023. Mzazi akiisoma 52 kama asilimia, atasema mtoto alikosa karibu nusu. Hata hivyo, katika miaka ya mwisho ya mtihani huo, karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50, na insha alama 40: jumla 90, si 100. Baraza la Mitihani lilisawazisha alama hizo ghafi ili wastani wa watahiniwa wote nchini uwe karibu na 50. Kwa hiyo 52 haikutaja kiasi cha maarifa. Ilitaja nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake. Mtoto aliyekikuta Kiswahili darasani alikuwa amempita kidogo mtahiniwa wa kawaida wa Kenya, ingawa baadhi ya watahiniwa hao walikinyonya pamoja na maziwa ya mama. Natija ya namna hiyo ni ya kupongezwa, wala si sababu ya kumwondoa mtoto shuleni.

Neno wastani nalo lina sura mbili. Mwalimu analitumia kihisabati. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu cha wastani ni kile kisicho kizuri wala kibaya. Mwalimu akisema, “Mwanao ni wa wastani,” anapima. Mzazi anasikia lawama.

Mtaala wa umilisi umeleta msamiati mwingine. Matokeo ya KJSEA, tathmini ya Gredi ya 9 iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, hutolewa kwa viwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Nambari sasa haisimami peke yake, lakini swali limebaki: matarajio ya nani? Kwa mzazi, matarajio ni ndoto aliyomwekea mwanawe. Kwa mtaala, ni umilisi uliobainishwa kwa kila somo. Mtoto anaweza kuwa mbali na ya pili katika somo moja bila kuivunja ile ya kwanza.

Kwa kuhitimisha, mwalimu wa Kiswahili anapaswa kumjibu mzazi maswali matatu kabla hajaulizwa: Alama hii inapima nini? Mtoto analinganishwa na nani, au na kigezo gani? Inamfungulia njia ipi ya masomo? Majibu hayo yakitolewa kwa lugha nyepesi, mbele ya mkalimani mtu mzima, mtoto atapumzishwa mzigo usio wake.